Gololi Imepasuka: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Kasoro katika Kazi ya Kioo na Tochi

Mtu akiniletea gololi iliyopasuka hapa karakanani Kisumu, swali langu la kwanza huwa ni kuhusu wakati: ilipasuka ikiwa bado motoni, ilipotolewa tanurini asubuhi, au baada ya kukaa rafuni wiki nzima bila kuguswa? Mafundi wengi huanza kwa kulaumu gesi au kioo chenyewe, wakabadilisha mtungi, wakanunua fimbo nyingine, na kasoro ikabaki palepale, kwa sababu ufa unaoonekana leo huenda ulipandwa jana. Saa ya ufa, pamoja na mahali ulipoanzia, ndiyo inayoelekeza kwenye chanzo, na kwa hiyo mwongozo huu unafuata saa ya kasoro kabla ya kugusa vifaa.

Ninazungumzia gololi za mapambo, ndugu za zile bano ambazo watoto huchezea mtaani, ila hizi hutengenezwa moja moja kwa kuyeyusha fimbo ya kioo kwenye tochi ya gesi na oksijeni na kuviringisha donge lake katika kalibu ya grafaiti. Kioo ninachotumia zaidi ni borosilikati, aina ileile ya bika na mirija ya maabara, ambacho hutanuka kidogo sana kinapopata joto. Wapo pia wanaotumia kioo laini cha soda na chokaa, yaani cha chupa na madirisha, au fimbo laini za rangi kutoka Italia. Kasoro nyingi ni zilezile kwa aina zote, lakini vipimo vya joto hutofautiana, nami nitavitaja pale vinapohitajika.

Ufa unaotokea motoni

Ukisikia mlio mkavu mara tu fimbo inapoingia motoni na vipande vikaruka mezani, karibu kila mara chanzo ni kwamba ngozi ya nje imetanuka huku kiini kikiwa bado baridi. Borosilikati huvumilia jambo hilo kwa kiasi, lakini fimbo nene ya kioo laini haina uvumilivu huo. Ipitishe kwanza mbali, kwenye ncha ya mwali, ukiizungusha bila kusimama, kisha isogeze karibu kidogo kidogo hadi ianze kuonyesha wekundu. Ncha iliyokwisha kupasuka ikatwe na kutupwa, kwa kuwa nyufa zake ndogo huingia ndani ya gololi na kugeuka viputo.

Ufa unaokatiza upande mmoja wa gololi ambayo bado imo kwenye fimbo una maelezo tofauti. Unapochora nukta au kuongeza kioo cheupe, yaani kisicho na rangi, upande wa mbele, upande wa nyuma unapoa, na gololi ikishazidi milimita 25 hivi, tofauti ya joto kati ya pande hizo mbili inatosha kuipasua. Dawa yake ni kuirudisha gololi nzima motoni kila baada ya muda mfupi, mwali ukiwa mpana na laini, hata kama kazi ya rangi haijaisha.

Hapa Kisumu kuna jambo la ziada ambalo lilinichukua miezi kulitambua. Gololi zangu za alasiri zilikuwa zikipasuka upande uleule, ilhali za asubuhi zilitoka salama, nami nilitumia fimbo zilezile na mtungi uleule. Siku moja niliwasha kijiti cha udi mezani, nikauona moshi ukilala kuelekea kulia: upepo wa ziwani, ambao huvuma kuja nchi kavu jua likishapanda, ulikuwa ukipenya kwenye pengo la mabati nyuma ya bega langu la kushoto. Kipande cha bati na misumari minne vilimaliza tatizo ambalo nilikuwa nimelitafuta kwenye gesi. Hewa ya kutosha ni lazima karakanani, hasa kwa anayetumia rangi zenye kadimiamu, ambazo mvuke wake ni sumu, lakini hewa hiyo ipite juu ya tochi ikielekea nje, isikipige kioo ubavuni.

Mistari midogo kama mawimbi juu ya uso si ufa, ingawa wengi huihesabu hivyo. Hutokana na kalibu baridi, au na kioo kilichokuwa kimepoa mno kilipoigusa grafaiti. Pasha kalibu kwa mwali kabla ya kuanza, viringisha kwa mkono mwepesi, kisha umalizie kwa moto laini wa uso mzima, mistari itafutika.

Ufa unaokutwa tanurini asubuhi

Gololi ikitoka tochini huonekana imetulia, kumbe ngozi yake imekwisha kukaza huku kiini kikiendelea kusinyaa, na mkazo huo hubaki umefungiwa humo ukingoja sababu ndogo tu. Kazi ya tanuri ni kuuondoa. Kioo hushikiliwa kwenye joto ambalo mkazo wake unaweza kulegea bila umbo kuharibika, kisha hushushwa polepole. Hatua hii mimi naiita kutuliza kioo. Borosilikati hutulizwa kwenye nyuzi 565 za Selsiasi hivi, kioo cha chupa na dirisha karibu na nyuzi 540, na fimbo laini za Italia kati ya nyuzi 500 na 520.

Kabla ya kubadilisha chochote tanurini, shika vipande na upitishe ncha ya kidole kwa uangalifu kwenye ukingo wa mpasuko. Ukingo uliolainika, usiokwaruza, unaonyesha kwamba ufa ulitokea tochini na moto ukaupitia, hivyo tanuri haina kosa. Ukingo mkali kama wembe unaonyesha kwamba ufa ulitokea baada ya tochi, tanurini au nje yake. Kipimo hiki kidogo kimeniokolea gesi nyingi kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Gololi iliyogawanyika vipande viwili vikubwa, vyenye nyuso laini zinazong'aa na ukingo mkali, ilishushwa haraka kuliko unene wake ulivyoruhusu. Kwa gololi ya borosilikati ya milimita 25, mimi huishikilia saa moja kwenye nyuzi 565, kisha huishusha kwa nyuzi 60 hadi 80 kwa saa mpaka nyuzi 480, ndipo huzima tanuri na kuliacha limefungwa hadi lipoe lenyewe. Kosa linalojirudia ni fundi kutengeneza gololi ya milimita 50 na kuipa ratiba ileile. Unene ukiongezeka mara mbili, muda wa kutuliza na kushusha huongezeka takriban mara nne, kwa sababu joto la kiini lina safari ndefu zaidi na kioo ni kipitishaji dhaifu cha joto. Asiyekuwa na usiku mzima wa kuiachia gololi kubwa asianze kuitengeneza.

Nyufa fupi zilizojikusanya sehemu moja ya ngozi, kama utando wa buibui, husema jambo jingine: gololi ilichelewa kati ya tochi na tanuri, ikashikwa kwa koleo baridi, au iliwekwa juu ya tofali lililokuwa bado halijapata joto. Tanuri liwe limefika kwenye joto lake kabla ya gololi ya kwanza, na ncha za koleo zipitishwe motoni kidogo kabla ya kushika.

Halafu kuna tanuri lenye kipimo kisichosema kweli. Kipimajoto kikiwekwa karibu na waya wa kupashia husoma joto kubwa kuliko lile la sakafuni palipo gololi. Kikijificha pembeni nyuma ya tofali, husoma dogo. Gololi ikitoka na alama za chembechembe za tofali upande wa chini, au na kibapa kidogo pale ilipolala, tanuri lina joto zaidi ya linavyoonyesha. Likiwa na joto pungufu halitoi alama yoyote, na hilo ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa gololi hutoka nzuri na hupasuka mikononi mwa mnunuzi. Mimi hushusha au kupandisha kipimo nyuzi 10 kwa wakati mmoja hadi alama zinapoanza kuonekana, kisha hurudi nyuma kidogo na kuandika namba hiyo ukutani.

Kuhusu stima kupotea, ambalo ni jambo la kawaida mvua kubwa za alasiri zinapoanza na radi, kanuni ni kutofungua mlango. Tanuri la matofali mazito, likiwa limefungwa, hushuka taratibu, na gololi ndogo mara nyingi huokoka. Mwaka wangu wa pili nilifungua ili kuangalia tu, nikasikia milio mitatu mfululizo kabla sijaurudisha mlango. Stima ikirejea na gololi zikiwa hazijapasuka, hazijapotea: zipandishe polepole kutoka joto lililopo, kama nyuzi 200 kwa saa kwa gololi ndogo za borosilikati na chini ya hapo kwa kubwa, kisha rudia kutuliza tangu mwanzo.

Wapo wanaozika gololi kwenye majivu ya moto au vermikulaiti, chembechembe nyepesi za madini zinazozuia joto kupotea, wakiamini kwamba wamezituliza. Majivu hupunguza kasi ya kupoa, na yanafaa kwa kuihifadhi gololi ndogo kwa muda hadi nafasi ya tanuri ipatikane, lakini hayaishikilii kwenye joto linalotakiwa kwa muda unaotakiwa. Gololi ya majivu nisingemuuzia mtu.

Ufa unaokuja baada ya wiki

Huu ndio unaoumiza zaidi, kwa sababu huja baada ya malipo. Ukifuata mpaka kati ya rangi mbili, au ukizunguka nukta kama pete, vioo viwili visivyopatana vimeunganishwa. Kila kioo kina kiwango chake cha kutanuka. Borosilikati hutanuka takriban sehemu 3.3 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, kioo cha chupa na dirisha kati ya 8.5 na 9 hivi, na fimbo laini za Italia 10.4. Ukiunganisha cha kwanza na cha pili, hakuna tanuri litakalokusaidia. Mmoja atasinyaa karibu mara tatu ya mwenzake na watatengana, kama si usiku huo basi siku nyingine.

Tatizo letu huku ni kwamba vioo vingi tunaviokota bila jina. Chupa ya kahawia na chupa ya kijani zinaweza kupatana au zisipatane, na hata bika iliyovunjika ya maabara ya shule huenda si borosilikati. Kipimo cha uzi hutoa jibu kwa dakika tano. Chukua fimbo mbili nyembamba za vioo unavyotaka kuviunganisha, zilaze ubavu kwa ubavu, yeyusha ncha zake zishikane bila kuzisokota, kisha vuta nje ya mwali hadi upate uzi mwembamba wa sentimita 30 hivi, ukiushikilia umenyooka mpaka ukaze. Kata katikati na uangalie. Uzi ukibaki umenyooka, vioo vinapatana vya kutosha. Ukijikunja kama mkia wa kinyonga, havipatani, na kioo kilicho upande wa ndani wa mkunjo ndicho kinachosinyaa zaidi. Mara ya kwanza nilipoupima uzi wa chupa na bika, ulijikunja kwa nguvu hadi ukakatika mkononi mwangu.

Ikiwa vioo vinapatana na bado ufa umekuja, rudi kwenye tanuri. Mkazo unaweza kuonekana kabla haujapasua. Fungua ukurasa mweupe kwenye kipakatalishi, vaa miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi, na uinamishe kichwa taratibu hadi skrini iwe nyeusi. Kioo kilichotulia kikiwekwa kati yako na skrini kitabaki cheusi nacho, na chenye mkazo kitang'aa kwa madoa au msalaba wa mwanga. Gololi, kwa sababu ya mviringo wake, hupinda mwanga na kusumbua macho, kwa hiyo mimi huizamisha katika bika ya mafuta ya kupikia. Mafuta ya mimea hupinda mwanga karibu sawa na borosilikati, hivyo ukingo wa gololi nyeupe hutoweka kabisa, ikabaki rangi ya ndani ikielea peke yake pamoja na mkazo, kama upo. Usitumie chombo cha plastiki, kwa kuwa chenyewe huonyesha mkazo mwingi.

Kibanzi kilichong'oka kwenye kishikio

Ili kumalizia upande ulioshikana na fimbo ya kwanza, gololi huhamishiwa kwenye fimbo ya pili. Ikiwa fimbo hiyo ya pili iling'oka na kubeba kibanzi cha gololi kilichochimbika kama kijiko, muungano ulikuwa wa moto mno au mpana mno. Yeyusha ncha ya fimbo tu, iguse gololi ikiwa ngumu, na muungano usizidi milimita 3 kwa gololi ndogo. Ukigonga fimbo taratibu itaachia, na doa litakalobaki litalainishwa kwa mwali mwembamba. Lakini ufa wenye umbo la nyota ukitokea hapohapo kwenye doa, basi mwali mwembamba ulipigwa kwenye gololi iliyokuwa imekwisha kupoa. Ipashe yote kwanza, ndipo ulishughulikie doa.

Viputo, ukungu na rangi zilizoharibika

Kiputo kikubwa kimoja kilicho kati ya tabaka mbili ni hewa iliyofungiwa. Kioo cha juu kiguse katikati kwanza, kisha kisukumwe kuelekea pembeni ili hewa ipate mlango wa kutokea. Viputo vidogo vilivyotapakaa kama povu karibu na ngozi vinatokana na kioo kuchemka kwa kukaa karibu mno na viini vya mwali, yaani zile ndimi fupi za buluu kwenye mdomo wa tochi. Rudi nyuma sentimita chache na ufanye kazi kwa subira. Rangi za kadimiamu, yaani nyekundu na manjano kali, huchemka mapema kuliko nyingine. Kioo cha chupa ya kahawia nacho hutoa povu, kwa kuwa rangi yake hutokana na chuma na salfa, na salfa hiyo hugeuka gesi kioo kikipata joto kali.

Mistari ya kijivu au myeupe isiyotarajiwa ndani ya kioo cha bika mara nyingi ni ile rangi ya namba za vipimo zilizochapwa ubavuni. Isage yote kabla ya kuyeyusha. Alama za vidole na vumbi huleta ukungu wa namna hiyohiyo, kwa hiyo fimbo zifutwe kwa spiriti na kuachwa zikauke mbali kabisa na tochi.

Uso ulioota utando mweupe mkavu, kama barafu kwenye friji, ukikitokea kioo cha chupa au dirisha, kioo hicho kimeanza kugeuka fuwele kwa kukaa muda mrefu kati ya nyuzi 700 na 850 hivi. Moto mkali wa muda mfupi huweza kuufuta ukiwa mwepesi. Ukiwa umekunjamana, ondoa tabaka hilo kwa koleo na uendelee. Borosilikati husumbuliwa na jambo hili mara chache sana.

Rangi ikitoka chafu, tazama mwali kabla ya kulaumu fimbo. Mwali uliopungukiwa oksijeni ni mrefu, una manjano, na huacha masizi. Katika mwali huo buluu ya shaba hugeuka wekundu wa ini, na rangi nyingine huvaa utando wa metali. Ongeza oksijeni hadi viini viwe vifupi, vyenye ncha kali. Ili kuuona ukweli wa rangi motoni unahitaji miwani ya didimiamu, ambayo huzuia mng'ao wa manjano wa sodiamu, ulio kwenye nanomita 589 hivi. Bila miwani hiyo fundi hufanya kazi kama aliyezibwa kwa kitambaa cha manjano. Kwa borosilikati ongeza kioo cheusi chepesi cha welda, kwa kuwa mwanga wake ni mkali zaidi.

Umbo lisilo la mviringo

Gololi yenye umbo la limau haikukatwa shingo, yaani pale inapoungana na fimbo, vya kutosha kabla ya kuhamishwa. Yenye umbo la yai imezungushwa kwenye mhimili mmoja tu. Pima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, katika pande tatu, uhamishie fimbo ya pili ubavuni, nyuzi 90 kutoka pale ilipokuwa ya kwanza, na uviringishe tena katika kishimo cha kalibu kinachokaribiana na ukubwa wake.

Mwali unaodhoofika kazi ikiendelea

Fundi mwenzangu wa Nakuru alinieleza kwamba mwali wake ulikuwa ukinywea kila asubuhi baada ya nusu saa, ilhali mtungi wa kilo 6 ulikuwa bado mzito. Nilimuuliza kama mtungi ulikuwa umetoa jasho la baridi chini, akasema ndiyo. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani, inayochemka kwenye nyuzi hasi 42, na butani, inayochemka karibu na sifuri. Unapovuta gesi, propani hutangulia kutoka na mtungi hupoa kwa sababu ya kuvukiza, hivyo mwishoni hubaki butani nyingi katika mtungi wa baridi, na shinikizo hushuka. Nakuru, iliyo takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ina asubuhi baridi kuliko Kisumu iliyo mita 1,131, na ndiyo maana mimi sikuwahi kuliona tatizo hilo kwa ukali wake. Alihamia mtungi wa kilo 13, wenye kimiminika kingi zaidi na eneo kubwa la kupokea joto, akauweka ndani ya karai la maji ya kawaida, na mwali ukasimama. Maji yasiwe ya moto, na mtungi usikaribishwe kwenye moto wowote. Uwekwe nje ya karakana ukiwa wima, mbali na mitaro na mashimo, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hujikusanya pa chini.

Ikiwa mwali ni dhaifu tangu dakika ya kwanza, angalia regyuleta, yaani kifaa cha kudhibiti shinikizo la gesi. Ile ya jiko la nyumbani hutoa shinikizo dogo lisilobadilishwa, takriban milibaa 30, ambalo halitoshi tochi nyingi. Tafuta ya kurekebishika, pamoja na vali za kuzuia moto kurudi kwenye mipira yote miwili. Anayetumia mashine ya kutenga oksijeni kutoka hewani akumbuke kwamba hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, hivyo mashine iliyotosha Kisumu huenda isitoshe Nakuru. Na uzi wa skrubu wa regyuleta ya oksijeni ukikwama, usipakwe mafuta wala grisi hata tone, kwa sababu mafuta yakikutana na oksijeni yenye shinikizo huwaka yenyewe. Ufungue, uufute kwa kitambaa safi kikavu, na ukiwa umeharibika ununue mwingine.